Anayesimama kwa Shida Atangulie

Jirani yangu aliponiona nikitoka alfajiri na mkoba mkubwa mgongoni aliniuliza ninakwenda wapi, nami nikamjibu kwamba ninakwenda ufukweni na skeiti. Aliniangalia kuanzia utosini hadi unyayoni, akatabasamu, kisha akasema kwamba kwa miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta hajawahi kuniona nikivaa sketi. Ilinibidi niutue mkoba nimwoneshe: jozi ya viatu vigumu vinavyokibana kifundo cha mguu, na chini ya kila kiatu magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja, kila moja likiwa na kipenyo cha milimita 80. Alilizungusha mojawapo kwa kidole, akausikiliza mlio wake, akauliza swali moja tu: "Na breki iko wapi?" Nilimwonesha kipande cha mpira kilicho nyuma ya kisigino cha mguu wa kulia. Hakuonekana kuridhika, na kabla jua la siku ile halijatua nilikuwa nimeelewa kwamba alikuwa na haki ya kutoridhika.

Tulikuwa watu 11, sita kwa skeiti na watano kwa baiskeli, na njia tuliyoichagua inafuata ufuo wa bahari kwa kilomita 23, hivyo kwenda na kurudi ni kilomita 46. Hata kwa mwendo wa starehe, masafa hayo yanazidi kidogo yale ya mbio za marathoni, na kwa mtu aliyezoea skeiti si masafa ya kutisha, mradi siku ni nzima na hakuna anayekimbizana na saa. Watu wengi wanaposikia kwamba tunachanganya skeiti na baiskeli katika kundi moja hudhani kwamba taabu yetu kubwa ni kasi, yaani kwamba wa baiskeli watachoka kusubiri na wa skeiti watachoka kufukuzia. Ukweli ni kwamba kwenye lami laini mtelezaji wa kawaida hujiendea kilomita 15 hadi 18 kwa saa bila kujichosha, na mwendesha baiskeli asiye na haraka naye yumo humo humo au anazidi kidogo. Kwa kasi tunaelewana vizuri kabisa. Pale tusipoelewana ni kwenye kusimama.

Mwendesha baiskeli ana breki mbili mikononi, na vidole vyake vinaweza kuzibana kabla akili haijamaliza kutambua kilichotokea. Mtelezaji hana bahati hiyo. Ili autumie ule mpira wa kisigino, ni lazima kwanza asukume mguu wa breki mbele ya mwenzake, apige magoti kidogo, auinue wayo upande wa vidole, ndipo aukandamize mpira chini, na wakati wote huo awe amesimama imara, kwa sababu mtu aliyekwisha kuyumba hawezi kuitumia breki hiyo hata kidogo. Wapo wanaoifungua na kuitupa, wakapunguza mwendo kwa kuburuta mguu mmoja nyuma ya mwingine kwa mshazari, jambo linaloonekana la kifahari lakini linalokula magurudumu upesi. Wapo pia wanaopanua miguu na kuielekeza ncha za viatu ndani, njia ambayo ni nzuri lakini inahitaji nafasi pande zote mbili. Njia zote hizi zinadai muda, na katika kasi ya kilomita 15 kwa saa kila sekunde moja ya kujiandaa ni zaidi ya mita nne za njia zilizokwisha kupita chini yako.

Dada aliyetuongoza siku hiyo, ambaye ameteleza kwa miaka mingi na ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti, alilijua hilo. Kabla hatujaondoka alitupanga akatoa amri moja iliyokuwa fupi kuliko mahubiri niliyoyatarajia: anayesimama kwa shida atangulie, anayesimama kwa urahisi afuate. Kwa hiyo skeiti zikawa mbele na baiskeli nyuma, isipokuwa baiskeli moja iliyotumwa mita 100 hivi mbele ya wote ili kupeleleza njia na kurudisha habari za mchanga, mageti, mbwa na watoto. Ukitafakari utaona kwamba amri hiyo ina akili nyingi. Mwenye breki mbaya akiwa mbele na akaanguka au akasimama ghafla, mwenye breki nzuri aliye nyuma yake atakwepa au atasimama. Ukiwageuza, mwenye breki nzuri atasimama pale anapotaka, na aliye nyuma yake atasimama pale mwili wake utakapoamua.

Waendesha baiskeli wawili walikuwa wageni katika mambo haya, na katika kilomita za mwanzo walituuliza kwa nini tunayumba barabarani kama watu waliokesha. Swali hilo ni halali, kwa kuwa baiskeli husukumwa kwenda mbele na gurudumu lake la nyuma, ilhali skeiti haisukumwi kwenda mbele hata siku moja. Kila hatua ni msukumo wa pembeni, mguu wa kushoto ukisukuma kushoto na wa kulia ukisukuma kulia, na mwili ukipita katikati yake. Mtelezaji mmoja akijinyoosha vizuri huhitaji upana wa mita moja na nusu au zaidi, na anayetaka kumpita anapaswa kupiga kelele mapema na kusema upande anaopitia, kisha asubiri ajibiwe. Kengele ya baiskeli peke yake haitoshi, kwa sababu humfanya mtelezaji ageuke kutazama nyuma, na mtelezaji anapogeuza kichwa mabega hufuata, na mabega yakifuata skeiti nazo hufuata, akajikuta amejipeleka mwenyewe pale pale baiskeli ilipokusudia kupita.

Jambo la pili waliloligundua wageni wetu ni namna tunavyoiogopa njia yenyewe. Tairi la baiskeli ya kawaida lina kipenyo cha takriban sentimita 70, karibu mara tisa ya gurudumu langu, tena limejaa upepo. Kijiwe ambacho baiskeli hukipanda bila mwendeshaji kujua huweza kulifunga gurudumu la skeiti kabisa, na mguu ukasimama huku mwili ukiendelea na safari. Kila tulipokaribia mchanga uliopeperushwa juu ya lami tulifanya kile ambacho kila mtelezaji hufundishwa mapema: kuacha kusukuma, kutanguliza mguu mmoja mbele ya mwingine kwa urefu wa kiatu kizima, kupiga magoti, kuweka uzito zaidi kwenye mguu wa nyuma na kuuacha mwendo ulionao ukuvushe. Mguu wa mbele unaweza kukwama kidogo, lakini wa nyuma bado unakushikilia. Anayeingia mchangani miguu ikiwa sambamba huenda kuubusu.

Katika kilomita ya sita pana daraja la mbao, na hapo tulikuwa na bahati, kwa sababu mbao zake zimepangwa kukatisha njia. Zinatikisa meno na kuufanya uso mzima uwashe, lakini ni salama. Daraja ambalo mbao zake zinafuata mwelekeo wa njia ni mtego, kwa kuwa nafasi kati ya ubao na ubao ni reli iliyochimbwa kwa kipimo cha gurudumu lako, na ukiingia humo huna usukani tena. Nimewahi kuvua skeiti na kutembea kwenye daraja la namna hiyo huku watoto wakinicheka, na nitafanya hivyo tena.

Asubuhi ile haikuwa na upepo wa kutajwa. Bahari ilikuwa imetulia kama mafuta ndani ya sahani, na tulipopita mahali ambapo njia inashuka hadi karibu usawa wa ufuo, kwenye mteremko wa kushushia mashua, maji yalikuwa mbali sana huko nje na miamba ilikuwa wazi. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nakumbuka saa kwa sababu mmoja wetu alisimama kupiga picha ya kaa, nasi tukamlaumu kwa kutuchelewesha. Hakuna hata mmoja kati ya watu 11 aliyeitazama ile miamba na kujiuliza maji yatakuwa wapi tukirudi, ilhali usiku wa juzi yake wote tulikuwa tumeusifia mwezi mpevu.

Tulifika mwisho wa njia saa nne, tukavua viatu, tukanyoosha miguu chini ya miti. Miongoni mwa wa baiskeli alikuwamo mwalimu mmoja mstaafu, mzee wetu, ambaye hawezi kuona watu wamekaa kimya bila kuwafundisha, na safari hii somo lake lilinipendeza kiasi cha kulirudia hapa. Alituambia kwamba vyombo vyetu viwili ni karibu pacha kwa umri: Karl von Drais alikiendesha kile chombo chake cha magurudumu mawili, mama wa baiskeli, huko Mannheim nchini Ujerumani mwaka 1817, na miaka miwili tu baadaye, 1819, Mfaransa Petitbled alipata hataza mjini Paris kwa skeiti yenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja. Kwa hiyo skeiti za mstari mmoja si uzushi wa juzi. Zile zenye jozi mbili za magurudumu, ambazo wengi hudhani ndizo za kale, zilikuja na James Plimpton wa Marekani mwaka 1863, na zikatawala kwa zaidi ya karne moja hadi ndugu wawili wa ukoo wa Olson huko Minnesota, wachezaji wa magongo ya barafuni, walipoufufua mstari mmoja mnamo 1980 ili wapate kufanya mazoezi wakati wa kiangazi.

Mzee alikuwa na kisa kingine cha zamani zaidi, cha Joseph Merlin, fundi mzaliwa wa eneo ambalo sasa ni Ubelgiji, ambaye inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1760 aliingia kwenye karamu moja jijini London akiwa amevaa viatu vya magurudumu alivyovitengeneza mwenyewe huku akipiga fidla, akashindwa kugeuka na kushindwa kusimama, akaenda kugonga kioo kikubwa cha thamani, akakivunja pamoja na fidla yake, naye mwenyewe akaumia vibaya. Tulicheka sana. Mzee hakucheka, alisema kwamba tangu wakati huo baiskeli imepata mnyororo, imepata matairi ya upepo ya Dunlop mwaka 1888, imepata gia na breki za kila aina, na sisi watelezaji tumepata kipande cha mpira kisiginoni. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na jambo hili nalitaja kwa sababu litanirudia.

Tulipoanza safari ya kurudi, saa sita na nusu, bahari ilikuwa imebadilika rangi na upepo ulikuwa umeamka. Hili nalo ni jambo la kutarajiwa kwa yeyote anayepanga safari ya siku nzima kando ya bahari katika msimu wa jua kali. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa baridi ya baharini huingia kuijaza nafasi hiyo. Upepo huo huanza polepole asubuhi inapokwisha, hupata nguvu alasiri, na kadiri mchana unavyosonga mzunguko wa dunia huupindisha, hata ule uliokuwa ukikupiga ubavuni ukaanza kukujia kwa mshazari. Kwetu ulikuja kutoka mbele upande wa kulia, yaani upande wa maji. Aliyepanga safari kwa ramani peke yake atadhani kwamba kurudi ni sawa na kwenda. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga, hivyo mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa akipigwa usoni na upepo wa kasi hiyo hiyo hubeba mzigo mara nne ya ule aliokuwa nao hewa ilipotulia. Mwendesha baiskeli hushusha gia, akainama, akaendelea kuzungusha pedali. Mtelezaji hana gia ya kushusha, na mwili wake uliosimama wima ni tanga lisilokunjika. Anaweza kuinama, akaweka mikono mgongoni na kufupisha hatua, lakini mapaja yatamdai.

Baada ya kilomita nne hivi kundi letu lilikuwa limetawanyika, na mmoja wa waendesha baiskeli, kijana mwema mwenye baiskeli iliyobeba mifuko miwili mikubwa pembeni, alinipita, akapunguza mwendo, akaniambia nijifiche nyuma yake. Nilijificha. Sijui nieleze vipi raha ya mahali hapo kwa mtu ambaye hajapata kuonja. Kelele ya upepo masikioni inazimika kana kwamba mtu amefunga dirisha, miguu inapata uhai, na unajikuta unateleza kwa nusu ya nguvu ulizokuwa unazitumia, macho yako yakiwa yamekazwa kwenye gurudumu la nyuma lililo umbali wa mkono mmoja mbele yako. Amri ya asubuhi niliikumbuka vizuri. Nilijiambia kwamba ilitolewa kwa ajili ya watu wasio na uzoefu.

Mpira wa mtoto ulitoka kwenye majani ukakatisha njia. Kijana alibana breki zote mbili, kama ambavyo ingempasa na kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya, na baiskeli yake ikasimama. Mimi sikusimama. Nilisukuma mguu wa kulia mbele, nikaanza kuinua wayo, na hapo ndipo njia ilipokwisha. Nilijitupa upande wa kushoto nikitafuta majani, nyonga yangu ikaligonga gurudumu lake kwa ubavu, nikaanguka kwa magoti na viganja. Vikinga vya magoti na vya viganja vilifanya kazi yao, na nyuso zake za plastiki sasa zina michirizi ambayo ingekuwa kwenye ngozi yangu. Mtoto aliuchukua mpira wake akaondoka bila kusema neno. Kijana hakudhurika, lakini gurudumu lake la nyuma lilikuwa limepinda, likawa linalisugua pedi la breki kila linapozunguka.

Dada kiongozi alirudi, akatazama, akaniuliza kama nimeumia, na nilipojibu kwamba sikuumia akanyamaza kwa muda ambao ulikuwa mrefu kuliko kemeo lolote. Kisha alifanya jambo ambalo limenifanya nimheshimu zaidi. Badala ya kuirudia amri ya asubuhi kama ilivyokuwa, alikubali kwamba upepo ule umeibadilisha hesabu, kwa kuwa watelezaji wasingeweza kufika jioni bila kukingwa, na kukingwa maana yake ni baiskeli kutangulia. Tulikaa kando ya njia tukalijadili jambo hilo, na mzee mwalimu ndiye aliyechora jibu mchangani kwa kijiti.

Jibu lilikuwa ndani ya upepo wenyewe. Upepo ukitoka mbele moja kwa moja, mahali penye utulivu ni nyuma kabisa ya baiskeli, na hapo ndipo penye hatari. Upepo ukija kwa mshazari, kivuli chake nacho huenda kwa mshazari, hivyo mahali penye utulivu husogea pembeni, nyuma kidogo ya baiskeli na upande wa pili wa unakotoka upepo. Kwa hiyo baiskeli ikishika upande wa bahari na mtelezaji akakaa upande wa nchi kavu, skeiti zake zikiwa sambamba na gurudumu la nyuma au hatua moja nyuma yake, atakingwa vizuri kuliko nilivyokingwa mimi, na siku breki zitakapobanwa atapita kando ya baiskeli badala ya kuingia ndani yake. Tulikubaliana pia kwamba mwendesha baiskeli asiguse breki isipokuwa kwa dharura. Akitaka kupunguza mwendo aseme kwanza, kisha aache kuzungusha pedali na kuinua kifua, upepo umpunguze wenyewe. Kwa kuwa njia haikuwa pana kiasi cha kubeba safu ndefu ya mshazari, na watu wengine walikuwa wakitembea wakitujia, tulijigawa wawili wawili, kila baiskeli na skeiti yake, tukaacha mita 20 au zaidi kati ya jozi na jozi ili kila tunapokutana na watu mtelezaji apate nafasi ya kurudi nyuma wajipange mmoja mmoja.

Lilibaki tatizo la kijana na gurudumu lake. Spoku mbili zilikuwa zimelegea, nasi hatukuwa na kifaa cha kuzikazia, hivyo tuliifungua breki ya nyuma ili gurudumu lizunguke bila kusuguliwa, naye akabaki na breki ya mbele peke yake. Dada kiongozi alimtazama, akaitazama ile baiskeli, akatamka hukumu: sasa na yeye ni mtu anayesimama kwa shida, kwa hiyo atangulie. Akawekwa mbele ya wote, na mimi, niliyemsababishia hayo, nikapangiwa kuwa jozi yake.

Mpango ulifanya kazi. Sisemi kwamba ulikuwa wa raha kama kujificha nyuma kabisa, kwa sababu baiskeli ni chombo chembamba na kivuli chake cha upepo ni chembamba vilevile, na kila upepo ulipogeuka kidogo ilibidi nikitafute upya kama mtu anayetafuta kivuli cha mnazi saa sita mchana. Niligundua kwamba mifuko mikubwa ya pembeni, ambayo asubuhi tuliidharau, ilikinga sana sehemu ya miguu, na kwamba mwendeshaji aliyekaa wima hukinga vizuri kuliko aliyeinama. Mzee wetu, ambaye huendesha akiwa amenyooka kama mlingoti, alikuwa kinga bora kuliko wote, na watelezaji walianza kumgombania kimyakimya. Mtelezaji wa sita, ambaye hakuwa na jozi, alizungushwa kutoka baiskeli moja hadi nyingine, na dada kiongozi alihakikisha kwamba mtu huyo mara nyingi alikuwa yeye mwenyewe.

Saa nane tulifika kwenye mteremko wa mashua, na njia haikuwepo. Siku mbili baada ya mwezi mpevu ni wakati wa bamvua, maji yanapojaa kwa wingi kuliko kawaida na kupwa mbali kuliko kawaida, na kati ya kupwa na kujaa hupita saa sita na dakika chache. Tulikuwa tumepita hapo yakiwa yamekupwa kabisa, tukarudi saa sita baadaye, yaani tulilipiga bamvua lenyewe shabaha katikati kana kwamba tumelikusudia. Mita 30 hivi za lami zilikuwa chini ya maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu, mawimbi madogo yakipanda na kushuka juu yake. Yangekuwa na nguvu tungesubiri, na kusubiri kungetugharimu saa moja au mbili. Lakini yalikuwa mapole, kwa hiyo tulivuka.

Hapo ndipo baiskeli zilipolipa deni lolote zilizokuwa nalo kwetu, kwa sababu ndala zetu zote zilikuwa ndani ya ile mifuko. Mtu anayevaa skeiti safari ya siku nzima bila kuwa na kitu cha kuvaa akizivua hajawahi kupata dharura, na akiipata mara moja hatarudia. Tulizivua, tukazifunga kamba shingoni, tukavuka kwa ndala, na waendesha baiskeli wanne walizibeba baiskeli zao begani. Wa tano aliona aibu kubeba, akapita juu ya maji akiendesha, akaturushia matone sote. Kesho yake aliniletea picha ya mnyororo wake ukiwa umegeuka rangi ya udongo mwekundu. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi, na hilo huharakisha kutu. Usiku mmoja unatosha kama hukuuosha mnyororo kwa maji safi, ukaukausha na kuutia mafuta siku ile ile.

Hatua iliyotugharimu sisi watelezaji haikuwa kuvuka, bali ni haraka ya kuvaa tena. Mchanga uliobaki miguuni uliingia ndani ya soksi, na kilomita tisa zilizobaki zilikuwa ndefu kwa wale ambao hawakuifuta miguu yao kidole kwa kidole. Wawili walimaliza na malengelenge. Mimi niliifuta yangu vizuri, lakini nilizivaa skeiti nikiwa bado nimesimama kwenye mchanga mbichi, na katika hatua tano za kwanza nikasikia ndani ya magurudumu ile sauti ya kitu kinachosagwa ambayo kila mtelezaji huijua na kuichukia.

Tulifika tulikoanzia saa kumi. Usiku ule nilikaa sakafuni na bakuli, nikatoa beringi zote 16, mbili kwa kila gurudumu, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 22 na tundu la milimita 8 katikati, nikavua vifuniko vyake na kuziosha kwa kiyeyushi cha grisi hadi kikawa cheusi, nikazikausha, nikaitia kila moja tone la mafuta. Kumi na nne zilirudi kuzunguka kimya. Moja inanguruma, na moja imekataa kabisa. Niliyageuza na magurudumu pia, upande ulioliwa ukatazama nje, la kwanza likabadilishana na la tatu na la pili na la nne, na kwenye lile la kisigino cha kulia nikaona doa bapa ambalo asubuhi halikuwepo.

Nilikuwa bado nimeshika beringi ile iliyokataa nilipopata ujumbe wa kijana, akiniuliza kama ninajua kuinyoosha rimu. Ninajua kidogo. Jumamosi ataileta baiskeli, nami nimeshaazima kifaa cha kukazia spoku kutoka kwa mzee mwalimu, ambaye alinipa kwa sharti kwamba nimsikilize kwanza akinieleza spoku zilivyogunduliwa.